Sahani ya Baba Eleni

Nilikwenda Krete kumposea ndugu yangu mke. Nasema mapema msije mkadhani nilikwenda kuota jua. Jua la Dubai latutosha, hata twalikimbia. Muriuki, mdogo wangu, ni mlinzi katika jengo moja la Dubai Marina, nami ni kiongozi wa wahudumu katika mkahawa ulio chini ya jengo hilohilo. Eleni, Mgiriki, ndiye anayetuokea mikate na keki. Hao wawili walipendana, nami nikajua kabla wao wenyewe hawajajua. Lakini Eleni alipompigia babake simu kumwambia anataka kuolewa na Mkenya, mzee alimpa mkewe simu palepale, na tangu siku hiyo hakuishika tena. Eleni akasema haolewi bila baraka za babake. Wazazi wetu walishatangulia, na kwetu Kirinyaga mwanamume hajiposei. Wa kwenda alikuwa mimi.

Jumapili alfajiri Muriuki alitusindikiza uwanja wa ndege, sare ya kazi mwilini. Aliniangalia kwa ile sura yake ya utotoni akasema, "Wanja, tafadhali, usiwaharakishe." Nikamwambia asinifundishe kazi.

Athens tulibadilisha ndege, na mchana tukashuka Krete. Eleni akakodi gari, tukaanza kupanda milima. Mizeituni ilikuwa kila upande, mifupi, mikongwe, majani yake kama yamepakwa jivu. Miaka yote nimewamiminia wageni mafuta ya zeituni nikiwaeleza kwa madoido yanakotoka, na sikuwa nimewahi kuuona mti wenyewe. Nikamwomba Eleni asimame, nikashuka, nikaugusa mmoja. Alinicheka, nami nikafurahi kumsikia akicheka. Tulipoanza kuteremka upande wa pili na bahari ikaonekana, akaniuliza nitafanya nini babake akikataa. Nilimwambia njaa inaniuma.

Kijijini tulikuta meza imeshaandaliwa kibarazani, na bahari iko chini pale, karibu kiasi cha kusikika. Mama Eleni alinikumbatia kabla sijajitambulisha. Baba Eleni alinipa mkono tu. Ni mtu mfupi, mkimya, aliyewahi kufanya kazi melini, kwa hiyo ana Kiingereza chake cha kutosha. Chakula kilikuja kidogo kidogo: mikate mikavu ya shayiri yenye nyanya na jibini, maharagwe, kisha pweza wa kuchoma. Watu wa bara tunajuana. Kitu chenye miguu minane hatukiiti chakula. Nilimla kwa ajili ya ndugu yangu, na nikaomba aongezwe kwa ajili yangu mwenyewe. Halafu ikaja sahani ya mboga, nikatia mdomoni, nikaduwaa. Ilikuwa managu, yaani mnavu! Managu yenyewe ya kwetu, ila wao waliitia ndimu na mafuta. Nilimwambia Mama Eleni kwamba marehemu mama yangu aliipika mboga hiyohiyo kwa maziwa, akashika shavu langu. Nikajiambia mambo yameiva.

Hapo ndipo nilipoharibu. Kule kazini Marina, mteja akiweka uma chini, sahani inaondoka. Meneja husimama mlangoni akinong'ona "yalla, yalla", tufanye haraka, kwa sababu kuna watu wanaosubiri meza. Baba Eleni aliweka uma chini. Mkono wangu haukuniuliza. Nilishtukia nimesimama, sahani yake mkononi, ya mkewe juu yake, nami nauliza, "Khalas?" yaani mmemaliza, kama niko kazini.

Eleni alifumba macho. Babake akaniangalia kwa utulivu.

"Unatufukuza?" aliuliza.

Baadaye Eleni alinieleza kwamba huko sahani haziondolewi maadamu watu wamekaa. Anayeziondoa anawaambia waende zao. Nami, mgeni, nilikuwa nimewafukuza wenyeji kwenye meza yao kabla sijatamka hata neno moja la posa. Mzee alikwenda kuangalia mbuzi wake na hakurudi mezani. Niliona aibu.

Jumatatu asubuhi nilimkuta uani akiponda zeituni mbichi kwa jiwe, moja moja, ili ziloweke na kutoa uchungu. Nikachukua jiwe, nikakaa kando yake. Nilitaka kuomba msamaha haraka nimalize, nikajizuia. Tuliponda kwa muda mrefu. Mwisho yeye ndiye aliyesema.

"Binti yangu akija hapa, hula kama mtu anayesubiri basi," alisema. "Jana nikaona mmefundishwa na mwalimu mmoja. Ndugu yako Mwafrika, hilo halinisumbui. Nataka kujua kama anajua kukaa."

Ningeweza kumpamba Muriuki. Sikumpamba. Nilimwambia kazi ya mdogo wangu ni kusimama kutwa nzima mlangoni mwa watu. Lakini zamu ikiisha, humngoja Eleni nyuma ya jikoni, wanakaa juu ya kreti za maji na chai yao, na simu inaweza kumwita mpaka ichoke. Mimi mwenyewe nimewahi kumgombeza kwa hilo.

Mzee aliendelea kuponda. Mchana tulikula tena, na safari hii nilikaa. Jamani, kukaa ni kazi! Magoti yalicheza chini ya meza, nzi wakatembelea mifupa ya samaki, jua likahama kutoka kiti hadi kiti, nami nimeibana mikono mapajani. Pole pole ikatulia. Nikajikuta nikiwasimulia habari za mama, mambo ambayo sijamsimulia mtu tangu tumzike.

Siku ya kuondoka, Baba Eleni aliniletea mtungi wa kioo umejaa zile zeituni tulizoponda.

"Mpe ndugu yako," alisema. "Abadilishe maji kila siku, uchungu utoke. Asile. Zikiwa tayari, azilete yeye mwenyewe, tule naye hapa."

Nikamkumbusha kwamba kwetu mwanamume hajiposei.

"Wewe umeshaposa," akasema. "Yeye anakuja kula."

Eleni alimwangukia babake shingoni, akalia kama mtoto.

Tuliporudi Dubai, nyumbani kwetu Al Baraha, Muriuki alikuwa amesimama mlangoni na viatu vyake miguuni. Akauliza kama mzee amekubali. Nikamwambia avue viatu, akae. Nilipika managu kwa maziwa, tukala watatu, nami nikamsimulia yote tangu uwanja wa ndege, bila kuruka, kama nilivyowasimulia ninyi. Zamani ningemjibu kwa neno moja pale mlangoni nikaenda kuosha vyombo. Niliposema "azilete yeye mwenyewe", alifunika uso kwa viganja vyote viwili.

Baadaye akainuka. Nilidhani anakusanya sahani. Aliziacha zilipo, akauchukua mtungi, akaenda bombani kubadilisha maji.