Siku Tuliyojipaka Dawa Wote

Binti yangu wa pili alianza kujikuna wakati maharage yanachanua. Vilikuwa vipele vichache katikati ya vidole, nikadhani mbu. Tulipofika kuvuna vilikuwa vimeshapanda viwikoni, kiunoni na makalioni, na mtoto halali. Nilikuwa namkata kucha, lakini asubuhi nakuta damu kwenye shuka hata hivyo.

Nyumbani kwetu Juru, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kila mtu alikuwa na dawa yake. Mama mkwe, tuliyekimbia naye kutoka kwetu Fizi, alimwosha kwa maji ya majani machungu. Mume wangu akaleta sabuni kali iliyomtoa mtoto machozi. Mwingine akasema tumpake mafuta ya mawese na chumvi. Tulijaribu yote. Mtoto akanuka kama jikoni na akaendelea kujikuna.

Siku hizo nilikuwa napeleka maharage kuuza mjini Mbarara. Mteja wangu mmoja, mama mwenye mgahawa pale mtaa wa Ruti, alinikuta nasinzia juu ya gunia langu. Nilipomweleza, akasema karibu na hapo kuna mama anayetibu kwa homeopati, aliwahi kumtibu mwanawe ukurutu. Neno hilo sikuwa nimelisikia.

"Ni dawa ya polepole," akasema. "Haichomi mtoto."

Hilo la kutochoma ndilo lililonifanya nimpeleke mtoto.

Mama wa homeopati alikuwa mtu mzima, mwenyeji wa huko, Mnyankole, mwenye sauti ya chini. Alitukalisha, akaanza kuuliza. Mtoto anapenda chumvi au sukari? Anaogopa radi? Akilala anatupa blanketi? Alipokuwa tumboni, mimi nilikuwa na hofu gani? Nikamweleza tulivyokimbia, nikasimulia mpaka mambo ambayo mume wangu hayajui. Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo tangu tuingie Nakivale, na siwezi kusema uongo, nilitoka pale nimepata nafuu mimi.

Akanieleza tiba yenyewe. Kitu kinachoweza kumwasha mtu asiye mgonjwa, akasema, kikichanganywa na maji na kupunguzwa tena na tena mpaka kisibaki hata ladha, humponya yule anayewashwa. Akatupatia kichupa cha vidonge vyeupe, vidogo, vitamu. Mtoto avimumunye chini ya ulimi.

"Usipake kitu kwa ngozi," akanionya. "Ukipaka, ugonjwa inarudi ndani."

Nikatii. Mtoto alivipenda vidonge vile, wala hakuna siku aliyovikataa. Lakini vipele viliongezeka. Halafu siku moja, nikipepeta maharage, nikajikuta najikuna katikati ya vidole. Nikaacha ungo. Nikamwita mume wangu, nikamwambia anyanyue shati. Kiunoni, pale mkanda unapokaa, alikuwa na vipele vilevile. Alikuwa akivificha.

Basi nikafikiri. Kama ugonjwa huu unatokana na hofu niliyokuwa nayo tukikimbia na tabia ya binti yangu kupenda chumvi, mume wangu, asiyeogopa kitu na asiyejali chumvi, ameupataje? Nikarudi Ruti, nikamuuliza yule mama swali hilohilo.

"Kila mtu na dawa yake," akajibu. "Leta wote, nitauliza mmoja mmoja."

Nilimshukuru kwa sababu alikuwa amenisikiliza vizuri. Lakini moyoni nilikuwa nimeshaamua. Nilipofika nyumbani, mtoto alikuwa na homa, na vidonda vya makalioni vilikuwa vinatoa usaha. Kesho yake nikamfunga mgongoni, nikaazima baiskeli, tukaenda kituo cha afya.

Muuguzi alimtazama mtoto kidogo tu. Kisha akaniambia, "Nyabo, mama, nyosha mikono. Yako wewe."

Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii ni upele. Kuko kadudu kadogo, huwezi kukaona. Kanachimba ndani ya ngozi, kanataga mayai. Si uchafu. Inapita ngozi kwa ngozi, watu wakilala pamoja, watoto wakicheza."

Nikamwambia kuhusu vidonge.

"Hiyo haiui kadudu," akasema. "Na hii usaha haingoji."

Akatupatia dawa ya kunywa kwa ajili ya vidonda, na dawa nyeupe ya kujipaka, kutoka shingoni mpaka nyayoni, nyumba nzima siku moja. Nikamuuliza, na majirani ambao watoto wao wanalala na wetu? Nao waje, akajibu. Akibaki mmoja, itarudi.

Kazi ilianzia hapo. Tunaishi ua mmoja na mama Mrundi, na watoto wake wanalala kwangu kama wangu wanavyolala kwake. Nilipomwambia, uso ukambadilika.

"Unasema watoto wangu wachafu?"

"Hapana, dada. Angalia, na mimi ninayo." Nikamwonyesha mikono.

"Basi ni ya kwenu. Kwangu tunaoga."

Akafunga mlango. Mume wangu akasema kwa Kiswahili cha kwetu, "Tupake batoto betu. Ba kwao bajijue."

"Apana," nikamjibu. "Tukipaka sisi tu, juma lijalo tunaanza tena. Sipake mutu mpaka bote bakubali."

Kila asubuhi nilibisha kwa jirani. Mara alijibu, mara aliniacha mlangoni. Nilimwambia lilelile, bila kupandisha sauti: si uchafu, twende wote. Mama mkwe alinicheka, akasema ninabisha ukuta.

Asubuhi moja kwenye bomba la maji, yule jirani alinivuta pembeni. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Akafungua kifungo cha blauzi, akanionyesha ziwa. Ngozi yote kuzunguka chuchu ilikuwa imejaa vipele.

"Akinyonya nalia," akasema polepole. "Na hii ni hiyo?"

"Ni hiyo, dada."

Tukaacha madumu kwenye foleni, tukaenda kituoni siku ileile.

Jumamosi tukajipaka. Blanketi zilichemshwa kwenye masufuria ya harusi tuliyoazima, zikaanikwa juu ya ua mpaka mtu asione njia. Visivyofulika tulivifunga ndani ya mifuko. Dawa ilichoma, watoto wakaruka uani kama panzi, na mama mkwe alitukana kwa Kibembe maneno ambayo sijayasikia tena. Mimi nilimpaka jirani mgongo, naye akanipaka wangu.

Baada ya siku chache muwasho ulikuwa bado upo. Mume wangu akasema dawa ni bure. Jirani akaja mlangoni, mikono kiunoni. Nikawaambia alichoniambia muuguzi: kadudu kamekufa, lakini ngozi inachukua muda kutulia, na lazima tupake mara ya pili.

"Na ya pili ikishindikana?" jirani akauliza.

"Tutarudi kituoni, mimi na weye. Sitaacha."

Tukapaka tena. Muwasho ukapungua kidogo kidogo, kwanza kwa watu wazima, mwisho kwa binti yangu. Asubuhi moja nikaamka nikiwa sijasikia kucha zake zikikuna usiku. Alikuwa amelala kifudifudi, vidonda vimekauka, jua limeshaingia ndani. Sikumwamsha. Nilichukua dumu nikatoka taratibu.