Mbao Kumi Nilizomkatia Dada Zaina

Mimi ni seremala, na seremala akikosea kipimo hawezi kumsingizia jini. Kwa hiyo usinihesabu pamoja na wale wanaoona mashetani kila kona. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, hapa Buyenzi, jua likiwa bado juu ya paa za magereji, na ushahidi wake ungali uani kwetu. Ukitaka, njoo uuguse.

Nianze na aibu yangu. Dada yangu Zaina, aliyenilea tangu mama yetu alipofariki, alianguka jikoni na upande mzima wa kulia ukafa ganzi. Siku tatu hakufumbua macho. Watu wakaanza kumsomea Yasini, na jamaa wakawa wananitazama mimi, maana katika ukoo wetu mimi ndiye ninayekata mbao za kumfunikia maiti kaburini. Hakuna aliyeniambia neno. Nilijituma mwenyewe. Nikaenda karakana, nikakata mbao kumi, nikazipiga randa, nikazificha nyuma ya kabati chini ya turubai. Ijumaa dada akafumbua macho akaomba chai. Nilifurahi, sikatai, lakini kila nikipita karibu na lile turubai nilijisikia kama mwizi.

Uhai ulirudi, miguu haikurudi. Kine, yaani yule mtaalamu wa kunyoosha viungo, akasema dada akae kwenye maji ya moto kila siku na kuchezesha miguu humo, la sivyo misuli itakakamaa na hatatembea tena. Mtoto wa dada aliyeko Ubelgiji akatuma jakuzi ya kupuliza, beseni la plastiki lililomeza nusu ya ua, lenye mashine ya kupasha maji. Majirani walikuja kulitazama kama bibi harusi. Shida ni kwamba kifuniko chake kilifika kimechanika, na umeme wetu unaujua. Mashine ilipasha maji usiku, umeme ukakatika alfajiri, na kine alipofika alasiri maji yalikuwa baridi kama ya kisimani. Mara mbili dada alitolewa humo akitetemeka. Mara ya pili akasema hataki tena, tumwache alale.

Maneno yale yaliniuma. Nikaamua kumtengenezea kifuniko cha mbao. Lakini mbao ziko wapi? Petroli ilikuwa imeadimika, malori ya mbao hayashuki mjini, nilizunguka mpaka Cibitoke sikupata ubao mkavu hata mmoja. Mbao kavu nilizokuwa nazo ni zile za chini ya turubai. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nikazitoa. Nikazichonga nusu duara mbili, nikaziunga kwa bawaba ili kifuniko kikunjike, nikaacha mwanya mdogo kati ya ubao na ubao kwa sababu ya mvuke, na upande wa chini nikabandika sponji ya godoro kuukuu iliyofungwa nailoni.

Siku ya kwanza umeme ulikatika asubuhi kama kawaida yake. Baada ya swala ya alasiri nikaingiza mkono chini ya kifuniko. Maji yalikuwa moto. Nilikuwa nacheka peke yangu uani, dada yuko ndani akimngoja kine, ndipo mzee mmoja akaingia bila kubisha. Kanzu nyeupe, mikono imejaa udongo mbichi mpaka viwikoni, na mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima. Ameshika kamba ya katani. Wachimba makaburi wetu nawajua wote, huyu sikumjua.

"Salam aleikum," akasema. "Mi nimekuya kuchukua mbao za Zaina."

Mbao zile sikumwambia hata mke wangu. Nikanyoosha kidole tu kwenye kifuniko. Akaitandaza kamba yake juu ya kifuniko kama anayepima, huku na kule, haikukaa popote.

"Umezikata."

"Ndiyo, muzee. Zimepata kazi ingine. Dada iko muzima."

"Na nani alikutuma uzitengeneze mbele ya wakati?"

Nilitaka kuwataja jamaa. Nikashindwa. "Mi mwenyewe. Nilimukatia tamaa. Unisamehe."

Akaweka kiganja juu ya ubao, akakiacha hapo muda mrefu kama mtu anayeota moto.

"Iko moto," akasema polepole. "Basi hizi si zangu tena."

Akaiacha kamba juu ya kifuniko, akatoka. Nikamfuata hapohapo. Fundi wa pikipiki aliyekuwa mlangoni kwetu tangu adhuhuri akaapa kwamba hakuna mtu aliyeingia wala kutoka.

Jioni ile, dada akiwa amelala chali, nilimpima kwa ile kamba, nikijifanya nataka kumtengenezea kitanda kipya. Ilimtosha sawasawa, kuanzia utosi hadi kisigino. Nikaapa kwamba kesho nitaichoma.

Kesho yake kine akaniwahi. Aliikuta kamba imelala juu ya kifuniko nilipoirudisha, hana habari ya lolote, akampa dada. "Mama, kifuniko hakina mushikio. Funga kamba hii hapa, na mukono wa kulia." Nilitaka kuinyakua, lakini dada alikuwa ameshaishika. Dada alihangaika nusu saa nzima, jasho linamtoka, akaipitisha kwenye mwanya kati ya mbao mbili na kufunga fundo. Ilikuwa kazi ya kwanza ya mkono ule tangu aanguke. Nilitoka nje nikalia.

Sasa anakifungua kifuniko mwenyewe kwa kuivuta kamba hiyohiyo, na anatembea na mkongojo mpaka kwa muuza nyanya kugombana naye. Juu ya ubao pana alama ya kiganja, rangi ya udongo. Nimeipiga msasa mara tatu, haitoki.

Nakuonya basi, wewe unayenisikiliza: mtu anayepumua usimpime, hata kwa macho. Siku hizi mtu akija karakana kwangu kuninong'oneza nimwandalie mbao mgonjwa wake, namuuliza kwanza, "Mayi ya moto umemupashia?"