Bibi Futi na Suruali Nane

Walimwita Bibi Futi kwa sababu futi haikumtoka shingoni, hata akialikwa harusini. Alikuwa ameshona sare za shule kwa miaka thelathini, na alijivunia jambo moja kuliko yote: hakuna mshono wake uliowahi kufumuka mbele za watu.

Mjukuu wake, kiongozi wa kikundi cha densi cha shule, alipomletea vipimo vya suruali nane za mashindano ya hip hop, bibi alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Kiuno hiki cha nani? Cha kabati?"

"Bibi, zinatakiwa zipwaye. Zishone kama nilivyoandika, tafadhali. Mwaka jana tulitolewa raundi ya kwanza, watu wakatucheka."

"Sawa, mama," bibi akaitika.

Mdomo ulikubali, mkono ukakataa. Kwake yeye suruali inayopwaya ni ushahidi kuwa fundi alisinzia. Basi akafungua daftari lake, akatoa vipimo vya sare za watoto hao hao, akashona suruali nane za kukaa mwilini sawasawa, zenye mstari wa pasi mbele. Kama kawaida yake kwa watoto wanaokua, akaacha kitambaa cha akiba ndani ya kila mshono.

Siku ya mashindano, watoto wakavaa nyuma ya jukwaa, bibi akiwatazama. Mmoja akajaribu kuchuchumaa, akakwama katikati. Mjukuu hakupiga kelele. Aliegemea ukuta, akasema polepole, "Bibi, nilikuomba kitu kimoja tu."

Maneno yale yalimchoma kuliko sindano zote za maisha yake.

"Vueni! Wote!"

Wakajifunga pazia la ukumbi, vichwa vinane nje, huku bibi akifumua kwa wembe. Cherehani ilikuwa nyumbani. Akaiachia mishono mpaka mwisho wa akiba, akaipiga bandi kwa mkono, mishono mirefu ya haraka haraka, ile ambayo mwanafunzi wake akiiacha kwenye nguo ya mteja hurudishwa kwao.

Muziki ulipokolea, mjukuu akajitupa chini, akazunguka kwa mgongo. Chaaa! Mguu wa suruali ukafunguka hadi gotini. Bibi akafumba macho. Miaka thelathini yote imekwenda na maji! Lakini ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Chaaa! Wa pili. Watoto nao si wajinga. Wakaanza kujifumua wenyewe kwa mapigo ya ngoma, na watu wakasimama juu ya viti.

Wakaingia fainali, ambayo ilikuwa jioni ile ile. Nyuma ya jukwaa bibi alikuwa ameshatunga uzi.

"Leteni niwashonee vizuri."

"Bibi, usiguse!" mjukuu akasema, kisha akamshika bega. "Nakuomba."

Nyuzi zilining'inia kila mahali, aibu tupu. Mkono ulimwasha bibi. Akaichomeka sindano kwenye kola ya gauni lake, akaketi, akaikalia mikono yote miwili mpaka jioni.