Kopo la Unga wa Uyoga

Mtaa mzima ulimwita Mkono Mwepesi, maana hakuna mtoto aliyelia akisukwa naye. Miaka ishirini alisuka kwenye chumba chake cha mbele, viti viwili na kioo kimoja, hadi asubuhi moja vidole vilipovimba na kukakamaa, chanuo likamponyoka. Hospitalini wakamwambia kinga ya mwili wake yenyewe inashambulia viungo vyake. Akaanzishiwa vidonge.

Vidonge havikuwa na haraka. Wiki ya nne vidole bado vilikuwa vigumu kama mbao, na mumewe ndiye aliyemfungia vifungo vya blauzi, tena kila mara akikosea tundu. Hapo ndipo wifi yake, dada wa mumewe, alipoingia na kopo la unga wa uyoga. Wifi huyo hana jambo dogo. Alieleza kwamba unga ule huamsha kinga ya mwili iliyolala, na kwamba vidonge vingetupwa ndani ya siku saba. Mkono Mwepesi alikuwa amechoka, akalipokea. Lakini aliposhika kijiko akoroge, roho ikasita. Siku ya kliniki akalitia kopo kwenye mkoba.

Daktari, mama mmoja mpole mwenye miwani, alisoma lebo hadi mwisho, kisha akamrudishia.

“Mama, askari wako hawajalala,” alisema. “Wako macho kupita kiasi, wanaipiga nyumba yao wenyewe. Sasa unataka kuwapulizia filimbi?”

Mkono Mwepesi alicheka mpaka akashika mbavu. Daktari akamweleza kwamba utafiti wa unga kama ule bado ni mchanga, kwa hiyo asiuguse na asiache dawa. Uyoga wa mboga ale tu. Akamwongezea dozi.

Kazi ikawa kumwambia wifi. Alimweleza yote bila kuficha, na wifi akanuna siku mbili. Siku ya tatu akarudi na kikapu cha uyoga mbichi.

“Na huu je, daktari wako kaukataza?”

“Huu karuhusu, wifi yangu. Vua viatu tupike.”

Waliukaanga kwa vitunguu huku wakimsema mume, ambaye alijifanya hasikii, akaongeza sahani ya pili.

Mwezi wa tatu wa dawa, mume aliamka akasikia vikombe vikigongana jikoni. Akauliza kutoka chumbani ni mgeni gani huyo aliyefika mapema hivyo. Mkewe akamjibu aje anywe chai upesi, apange viti chumba cha mbele. Wateja watatu wanasubiri kusukwa.