Walevi Wasiokunywa

Kwetu mtu akianguka mtaroni jioni, hakuna anayemuuliza habari za macho. Ananuswa mdomo. Ndivyo baba yangu alivyomfanyia kaka yangu mkubwa karibu kila siku, pale mlangoni, kabla hajavua hata viatu vyenye tope.

"Fungua mdomo. Pumua."

Kaka anapumua. Baba ananusa, anakunja uso, ananusa tena. Hakukuwa na harufu yoyote ila ya chai, lakini baba alikuwa mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa hakubali kushindwa na mdomo wa kijana. "Siku hizi iko pombe haina harufu," akasema. Ati pombe haina harufu! Hata leo nikikumbuka nasikia hasira.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Tuliishi mlimani nje ya mji wa Nyeri, katikati ya kahawa, na kaka alikuwa ameajiriwa kwenye duka moja dogo pale Kiganjo. Mchana hakuna aliyempita kwa kazi. Jua likizama tu, alikuwa mtu mwingine. Alivamia miti ya kahawa, alikanyaga kuku, na jioni moja alimsalimia ng'ombe wa jirani kwa heshima zote akidhani ni shangazi. Tulicheka, naye akacheka. Lakini mwenye duka hakucheka siku kaka alipopiga teke debe la mafuta ya taa likamwagikia magunia ya unga. Alimfukuza palepale, na kabla ya Jumapili kanisa zima lilijua kwamba kijana wa mzee ni mlevi.

Mama peke yake alikataa. "Mtoto wangu hanywi," alisema, lakini kwa sauti ya chini, na nilijua ni kwa nini. Mama alikuwa na ndugu mmoja wa kiume huko kwao Sagana. Magharibi moja alitumbukia mtoni akafa, na watu wakasema pombe ndiyo iliyomsukuma. Walimzika haraka haraka, kwa aibu. Mama hakuwahi kumtaja mbele ya baba.

Aliyetuonyesha njia ni mzee mmoja Mwislamu aliyeuza nyama huko mjini. Mama alimweleza taabu zake akiwa anapimiwa mifupa ya supu. Mzee akatua kisu. "Mama, huyo hajalewa. Huo ni upofu wa usiku. Mlishe maini." Basi tukala maini! Ya kuchemsha, ya kukaanga, asubuhi na jioni, mpaka nikawa nahisi kutapika nikisikia kisu kikinolewa. Kaka alinenepa mashavu, akaendelea kuanguka mtaroni akiwa ameshiba. Mwishowe yule mzee mwenyewe akasema, "Maini yangu yameshindwa, mama. Mpeleke kwa daktari wa macho."

Tulikwenda wanne. Baba alikuja ili ahakikishe hakuna mtu anayemtetea mlevi, na mimi nilichukuliwa ili nimshike kaka mkono tukirudi, maana tuliambiwa matone yangempofusha hata mchana. Daktari alikuwa mgeni, na muuguzi ndiye aliyetutafsiria. Walimtia kaka matone, tukangoja kwenye benchi mpaka mboni zake zikapanuka, halafu tukaingizwa chumba chenye giza. Daktari akamwinamia na kitaa kidogo, akachungulia jicho moja, akahamia lingine, akarudi tena la kwanza. Hakuna mtu aliyewahi kumtazama kaka yangu kwa muda mrefu hivyo bila kumnusa.

Akatueleza. Nyuma kabisa ya jicho, chini ya sehemu inayoona, kuna utando wa mishipa ya damu unaoilisha. Utando wa kaka ulikuwa unalika kuanzia kandoni, kama bitana ya koti kuukuu, na weupe wa nyuma ulikuwa umeanza kuonekana. Ni ugonjwa wa nadra sana. Kuona usiku ndiko kunakopotea kwanza, halafu pembeni, halafu katikati.

"Na dawa?" baba akauliza.

"Hakuna."

Kaka aliinamisha kichwa. Sijui kama mtu anaweza kufurahi na kulia kwa pamoja, lakini alimgeukia baba akasema, "Umesikia, baba? Sinywi."

Hapo yule daktari akamuuliza mama kama alikuwa na ndugu wa kiume mwenye shida kama hii. Lo! Uso wa mama ulivyowaka! Miaka yote ile alikuwa amembeba nduguye kama mzigo wa aibu, na sasa amepata mahali pa kumtua. Akasema yote: jinsi alivyopapasa kuta, jinsi alivyokataa kutoka jua likizama, jinsi alivyoanguka mtoni. "Hakuwa amelewa!" akalia. "Ndugu yangu hakuwa amelewa!"

"Basi ugonjwa umepitia kwako," daktari akasema. "Kina mama hubeba bila kuugua, watoto wa kiume ndio huugua. Si kosa la mtu. Na dada zake pia wanaweza kuwa wanaubeba." Muuguzi alinitupia jicho alipokuwa akitafsiri hayo ya mwisho. Baba hakuyasikia. Alikuwa anamkodolea mama macho.

"Kumbe ulijua," akamwambia.

"Nilijua nini, baba watoto? Mimi pia niliambiwa ni pombe."

Ndugu za baba walikuja nyumbani siku chache baadaye. Wakaketi, wakanywa chai aliyowapikia mama mwenyewe, wakasema ukoo wetu hauna vipofu, wakaamua mama arudi kwao. Watu wa sala hao! Baba akaoa mwingine. Kaka hakuombwa msamaha na mtu yeyote, na alipofika umri wa kuoa alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye mwanzi. Mama akamchukua wakaishi wote Sagana. Mara ya kwanza nilipomtembelea mama, nilimuuliza kama anajuta kusema pale hospitalini. "Sijuti," akasema. "Nilimlilia ndugu yangu vizuri, hatimaye."

Mimi niliolewa mbali, na mfanyabiashara wa mbuzi, tukaishi Doldol. Ni mtu mpole, hajawahi kuniinulia sauti. Habari za mama sikumweleza zote. Nilisema tu kwamba waliachana na baba. Tulipopata mtoto wa kiume na akaanza kutembea vizuri, nilibuni mchezo. Jua likishazama na kabla ya kuwasha taa, natupa maharagwe meupe sakafuni, yeye anayaokota mbio, tunacheka. Kila jioni aliyaokota yote, nami nikalala usingizi.

Halafu jioni moja nikatupa, naye akasimama tu. Akapiga magoti, akaanza kupapasa sakafu kwa viganja, harage moja likiwa palepale mbele ya goti lake. "Mama, yako wapi?"

Mume wangu alikuwa anaingia. Akamwona mtoto anavyopapasa, akacheka kwa mapenzi yake yote. "Heh! Huyu naye amekunywa nini leo?"

Nikainama, nikaokota maharagwe yote mwenyewe. Nikamwambia ni mimi niliyechelewa kuwasha taa.