Wanga Unaokula Povu

Mjomba aliponiambia nichemshe maji kwanza, nilipaswa kukataa. Nilikuwa nimemaliza sekondari karibuni tu, najiona mtu mzima, na kusema hapana hakukuwa kazi ngumu. Badala yake nilichochea moto.

Miaka hiyo ya hamsini mimi na mjomba tulikuwa tukipika sabuni uani kwake Makorora: mafuta ya nazi na soda kali ya sabuni, tunaimimina kwenye visanduku vya mbao, ikiganda tunaikata kwa waya. Ilikuwa sabuni nzuri, inatoa povu hata kwa maji yetu ya kisima yenye chumvi. Kisha mafuta yakaadimika, mjomba akaanza kuchanganya wanga wa muhogo. Vipande vikawa vyeupe, vigumu, vya kupendeza. Povu likatoweka.

Sikushangaa. Dada yangu, aliyenilea tangu mama afariki na kunisomesha kwa kufua nguo za watu, hakuruhusu beseni la wanga likae karibu na la sabuni. "Wanga unakula povu," aliniambia tangu nikiwa mdogo. "Ukilitaka tena, uumwagie maji ya moto, utalitapika."

Juzi mjukuu wangu, mwalimu wa kemia, alinieleza sababu. Chembe ya wanga hujizungusha kama ngata, na chembe ya sabuni ina mkia, ambao huingia tunduni na kutulia, na hapo hutoka joto kidogo. Ukiyapasha maji moto, mkia unachomoka. Anasema siku hizi vipete vya wanga vinatengenezwa makusudi, na joto hilo linapimwa kwa mashine. Dada alipima la maji tu, kwa kiwiko.

Basi wafuaji wenzake walitaka kuijaribu sabuni mpya kabla ya kuichukua. Dada akawaambia, "Mdogo wangu kasoma, tena hawezi kunidanganya." Mjomba akanipa birika. "Changanya nusu kwa nusu na ya kisima, mjomba. Wakiuliza, waambie maji yalikuwa juani."

Nikafua kitambaa mbele yao. Povu likanifika viwikoni. Wakapiga vigelegele, wakabeba sanduku zima. Dada alicheka kuliko wote, wala hakuona haja ya kutia mkono majini.

Asubuhi ya pili nilisikia sauti zao kabla sijawaona.

"Msomi! Sabuni yako ina haya, inaogopa maji baridi!"

"Mwacheni, anaitafutia blanketi!"

Nikacheka nao. Dada hakucheka. Alisugua kipande kwenye maji ya kisima, kikatoa uteute. Akaingia jikoni kwa mjomba, akarudi na birika la maji ya moto, akamimina. Povu likapanda. Alilitazama mpaka likaisha.

"Jana maji yalikuwa juani?"

"Ndiyo, dada."

"Haya," akasema, akafuta mikono kwa kanga yake.

Wenzake walimwona mshirika wetu, wakamtenga kisimani. Mwezi haukuisha akahamia Moa kwa shangazi. Nilimfuata mara kadhaa na sabuni safi isiyo na wanga. Alinipikia chai, akaniuliza hali, akaishia hapo. Neno langu hakulihitaji tena.

Alipougua huko alikataza niitwe. Habari zilinifika ameshazikwa. Maji yale ya moto yalinigharimu dada yangu, mama pekee niliyemjua, na hata kumzika sikumzika.