Kidole cha Pete cha Nyanya

Mwezi uliopita nilikwenda Garsen harusini, na mama mmoja muuza maziwa akanichoma moyo bila kujua. Alitutazama mimi na dada yangu, akaniambia, "Mama, huyu binti yako mashallah ana macho mazuri." Binti! Dada huyu amenitangulia kuzaliwa kwa mwaka mzima. Yeye alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilipokea maziwa yangu, lakini wivu niliodhani umekufa zamani uliamka, jamani, na nguvu zake zote.

Maana najua macho yale yalikotoka. Tulilelewa na nyanya kijijini kando ya mto Tana, karibu na Minjila, sisi watoto wa baba mmoja, mama yake dada akiwa amefariki na mama yangu mimi akifanya kazi mbali. Kila alasiri, tukishateka maji, nyanya alikaa mkekani akichagua mchele kwa vidole, uso wake ukielekea kwingine kabisa. Akimaliza alinawa, akamwita dada. Alichovya kidole cha pete katika samli ya mama wa Kiorma aliyetuletea kwa kibuyu, ile yenye harufu ya moshi, tone dogo tu la kulingana na punje ya mchele. Kisha alimgusagusa chini ya macho, polepole, kutoka pembe ya nje akija puani. "Ngozi ya jicho haisuguliwi," alikuwa akisema, "si sufuria hiyo." Vidole vingine kwake vilikuwa na ubabe. Cha pete peke yake ndicho kilichokuwa mpole.

"Na mimi je, nyanya?"

"Wewe nenda kachochee moto."

Moto! Moshi wenyewe ndio ulionikunjia uso huu.

Asubuhi moja nyanya alikwenda msibani kwa jirani. Nilichota samli kiganja kizima, nikajisugua kuanzia kope hadi masikioni, nikashika njia ya shule. Ng'ombe walikuwa wakivuka kwenda mtoni, vumbi lao lote likanigandia, na nzi wakafuata. Mwalimu aliniangalia juu na chini, akauliza kama nimekuja kusoma au kukaangwa. Niliporudi, nyanya alininusa kabla sijafika mlangoni. Nilitegemea fimbo, na moyoni nilitumaini kile kidole. Wapi! Alinifuta kwa kitambaa haraka haraka kama anayefuta meza, kisha akamwita dada. Nililia siku hiyo kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya mto.

Basi yote hayo nilimtapikia dada pale harusini, tukikata vitunguu. "Nyanya alikupenda kuliko mimi," nikamwambia, mtu mzima na wajukuu wangu.

Dada aliweka kisu chini. "We naye! Nyanya alikuwa haoni. Hukujua?"

Sikujua. Kule kutomtazama mtu nilidhani ni maringo ya uzee.

"Mimi nilikuwa namlilia mama kimyakimya," akasema. "Alikuwa ananipapasa ajue kama siku hiyo nimelia. Samli ilikuwa kisingizio tu. Wewe upapaswe nini? Ukilia wewe, Minjila nzima ina habari."

Tulicheka, halafu tukaacha kucheka, tukasingizia vitunguu.

Nyanya hayupo tena, na nyumba yake ilikwenda na mafuriko. Maziwa siku hizi huja kwa bodaboda ndani ya mitungi ya plastiki, na samli niliyoipata haina moshi hata chembe. Hata hivyo nilirudi nayo kichupa kimoja. Kila alasiri nanawa, nachovya kidole cha pete, tone moja, bila kusugua. Ngozi imelainika, sitasema uongo. Lakini kidole ni changu. Na wivu, ukiniuliza, haujaisha. Namwonea wivu mtoto aliyefiwa na mama yake, Mungu anisamehe, kwa kuwa yeye alijua kulia bila kelele.